Mafuta ya Chakula Kabla ya Mimba na Damu Inayomfikia Mtoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wanaopanga kushika mimba, na ya wale ambao tayari wanahudhuria kliniki na wanajiuliza kama chapati za mwaka jana zimeharibu kitu. Kila tunapotaja kijiko, tunamaanisha kijiko cha mezani kilichosawazishwa juu: mililita 15, yaani karibu gramu 14 za mafuta. Vipimo ni vya mtu mzima anayehitaji takriban kilokalori 2,000 kwa siku. Anayelima au kuchota maji kutwa anahitaji zaidi.

Kwa nini mzungumzie mafuta kabla ya mimba? Si chakula cha mjamzito ndicho muhimu?

Vyote viwili ni muhimu, ila kondo la nyuma huanza kujengwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Siku 6 hadi 10 baada ya yai kurutubishwa, kiinitete hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, na seli zake za nje huanza kuchimba ndani. Kufikia siku unapokosa hedhi na kwenda duka la dawa kununua kipimo cha mkojo, kazi hiyo imeshaanza.

Seli hizo hufuata ateri ndogo zilizojipinda zinazolisha mji wa mimba, huondoa misuli kwenye kuta zake na kuziacha zikiwa pana na legevu. Baada ya hapo haziwezi tena kujibana zenyewe. Damu ya mama huanza kumiminika vizuri kwenye kondo kati ya wiki ya 10 na 12, na upanuzi wa ateri huendelea hadi karibu wiki ya 20. Kabla ya mimba mji wa mimba hupitisha takriban mililita 50 za damu kwa dakika. Mimba inapokomaa hupitisha 500 hadi 750. Ongezeko hilo haliwezekani ateri zikibaki nyembamba.

Ateri zisipopanuka vizuri, damu huingia kwenye kondo kwa nguvu na kwa vipindi, mtoto hudumaa tumboni, na mama yumo hatarini kupata presha ya mimba inayoweza kuishia kifafa cha mimba. Dalili huonekana mwezi wa sita au wa nane, lakini kasoro yenyewe ni ya wiki za mwanzo. Hali ya mishipa unayoingia nayo kwenye mimba ndiyo ambayo seli hizo zitaikuta.

Mafuta hufanya nini hasa ndani ya mshipa?

Ukuta wa ndani wa mshipa una tabaka moja la seli zinazotoa gesi ya nitriki oksidi, na gesi hiyo ndiyo inayoulegeza mshipa. Mafuta mengi kwenye damu, hasa yaliyoshiba (yale yanayoganda yakipoa), hupunguza uwezo huo. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1997, watu wenye afya walipewa kiamsha kinywa chenye gramu 50 za mafuta. Uwezo wa mshipa wa mkono kutanuka ulishuka kwa takriban saa nne. Kiamsha kinywa chenye nishati ileile lakini kisicho na mafuta hakikuwa na athari hiyo.

Mlo mmoja hupita. Shida ni milo mitatu ya aina hiyo kila siku kwa miaka, maana mshipa haupati nafasi ya kurudi katika hali yake. Pamoja na hayo huja uvimbe wa ndani usioonekana, uzito wa tumbo, na insulini kushindwa kufanya kazi yake. Kwa wanawake waliopata presha ya mimba, kondo likichunguzwa kwa hadubini mara nyingine hukutwa ateri za ukuta wa mji wa mimba zimejaa seli zilizonona mafuta, zinazofanana na zile za mishipa ya moyo ya mzee mgonjwa.

Je, hili limethibitishwa kwa binadamu au ni kwa wanyama tu?

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa wanyama. Katika kituo cha utafiti cha Oregon, Marekani, kima wa Kijapani walilishwa kwa miaka chakula ambacho karibu theluthi moja ya nishati yake ilitoka kwenye mafuta. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba damu iliyofika kwenye mji wa mimba ilipungua kwa asilimia 38 hadi 56. Jambo la kushtua ni kwamba ilipungua hata kwa kima ambao hawakunenepa. Utafiti wa baadaye wa kundi hilohilo, wa mwaka 2019, uliona mtiririko ukiboreka kima walipobadilishiwa chakula.

Kwa binadamu hakuna anayeweza kuwalisha wanawake vibaya kwa makusudi, hivyo tunategemea tafiti za kufuatilia watu. Lililo thabiti zaidi humo ni uzito: kwa kila nyongeza ya 5 hadi 7 katika kipimo cha uzito kwa urefu (BMI; tunaonyesha hapo chini jinsi ya kukikokotoa) kabla ya mimba, hatari ya presha ya mimba karibu huongezeka maradufu. Mafuta peke yake, ukiyatenga na uzito, sukari na umri, ni magumu kuyahukumu. Kwa hiyo anayekuambia kijiko fulani cha mafuta kitakuletea kifafa cha mimba anasema asilolijua. Tunachoshauri hapa ni mabadiliko yenye faida kwa moyo wako hata usiposhika mimba kamwe.

Basi nile mafuta kiasi gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote yasizidi asilimia 30 ya nishati, yaliyoshiba yasizidi asilimia 10, na ya transi (yale yanayotokana na kuongezwa haidrojeni kiwandani) yasifike asilimia 1. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9. Kwa mtu wa kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 67 za mafuta yote, gramu 22 za yaliyoshiba, na gramu 2 za transi.

Hakuna anayepima gramu jikoni, kwa hiyo pima chupa. Chukua lita za mafuta mnazotumia kwa mwezi, zidisha kwa 920 (uzito wa lita moja kwa gramu), gawa kwa idadi ya walaji, kisha gawa kwa 30. Nyumba ya watu wanne inayomaliza lita 3 kwa mwezi inapata gramu 23 kwa kila mtu kwa siku, na hapo mko salama. Nyumba ya watu watatu inayomaliza lita moja kila wiki inapata karibu gramu 44, kabla ya kuhesabu maziwa, nyama, mayai na mandazi ya nje. Hiyo imekaribia kuvuka mpaka. Watoto wadogo wahesabu kama nusu.

Mafuta mengine yamejificha kwenye chakula. Kikombe cha maziwa yasiyotolewa mafuta (mililita 250) kina takriban gramu 9, zaidi ya nusu yake yaliyoshiba. Yai lina 5. Gramu 100 za nyama ya parachichi zina 15, lakini yaliyoshiba ni kama 2 tu. Kiganja cha njugu karanga, gramu 30, kinakaribiana na parachichi hilo.

Mafuta gani ya kupikia ni bora? Yote dukani yameandikwa hayana kolesteroli.

Maneno hayo hayakusaidii kitu. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana, yawe mazuri au mabaya, kwa hiyo ni sawa na kuandika kwenye gunia la mahindi kwamba halina mifupa. Kinachokuhusu ni kiasi cha mafuta yaliyoshiba.

Alizeti ina karibu asilimia 11, mahindi 13, soya 15. Mawese yana karibu nusu. Siagi na samli huzidi nusu, na mafuta ya nazi hupita asilimia 80. Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia Kenya, ya kopo na ya maji, hutokana na mawese yanayoagizwa kutoka nje. Vijiko vitatu vya mafuta ya kuganda ya mawese vinakupa karibu gramu 20 za yaliyoshiba, na hapo umekaribia kumaliza fungu la siku nzima kabla hujala kitu kingine. Vijiko vitatu vya alizeti vinakupa chini ya gramu 5.

Kwa mafuta ya kupimiwa dukani, yasiyo na lebo, kuna jaribio rahisi. Weka kidogo kwenye chupa safi ndani ya friji usiku kucha. Ya mawese hufanya ukungu mweupe na kuganda chini. Alizeti na mahindi hubaki maji. Nakuru hata friji haihitajiki: asubuhi za baridi za Julai, mafuta ya maji ya mawese huonekana yameganda kwenye chupa rafuni. Huko si kuharibika, ni asili yake.

Ukisoma lebo, orodha ya viungo ikitaja mafuta yaliyoongezwa haidrojeni kwa sehemu, hayo ndiyo chanzo cha transi. Yarudishe rafuni. Hayo tu ndiyo tunayosema usile kabisa, mengine yote ni suala la kipimo. Angalia pia biskuti na majarini ngumu.

Kama bei ya alizeti inakushinda, usikate tamaa. Kupunguza mawese kutoka vijiko vitatu hadi kimoja na nusu kunakusaidia zaidi kuliko kununua chupa ghali ya alizeti na kuimwaga bila kipimo.

Chips, bajia na samaki wa kukaanga wa barabarani je?

Hapa shida ni mbili. Ya kwanza ni wingi: gramu 100 za chips hubeba karibu gramu 15 za mafuta, na sahani ya kawaida ni gramu 200 au zaidi. Ya pili ni mafuta yaliyochemshwa tena na tena. Yakirudiwa joto kwa siku nyingi huvunjika na kuzalisha kemikali zinazoumiza ule ukuta wa ndani wa mshipa tulioutaja.

Utayatambua kabla ya kununua. Ni meusi au ya kahawia iliyokolea, hutoa povu linalokaa juu badala ya kupasuka, hufuka moshi mapema, na chakula hutoka kimelowa badala ya kukauka. Ukionja, koo hukuwasha kidogo. Kibanda kinachojaza sufuria kwa kuongeza mafuta mapya juu ya ya jana hakijayabadilisha, kimeyachanganya.

Nyumbani, ukikaanga kwa mafuta mengi, yachuje yakipoa kwa kitambaa, yafunike mbali na mwanga, na usiyatumie zaidi ya mara mbili au tatu. Alizeti haivumilii kurudiwa kama mawese, na ndiyo maana wauzaji wengi hupenda mawese. Kwa hiyo mpishi wa alizeti akaange mara chache na kwa mafuta mapya.

Tunakaa kando ya Ziwa Victoria. Samaki gani ni wazuri, na tuwapike vipi?

Hapa watu wa Kisumu, Homa Bay, Siaya na Busia wana bahati ambayo mara nyingi huzamishwa kwenye karai la mafuta. Samaki wana omega-3, mafuta ambayo mwili hauyatengenezi kwa kutosha. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba omega-3 wakati wa mimba hupunguza watoto kuzaliwa kabla ya wiki ya 37 kwa asilimia 11, na kabla ya wiki ya 34 kwa asilimia 42. Lenga milo miwili au mitatu kwa wiki, jumla ya gramu 225 hadi 340 za samaki aliyepikwa. Anza miezi kadhaa kabla ya mimba ili akiba ijijenge mwilini.

Omena (dagaa) ndio chaguo letu la kwanza. Huliwa mzima, kwa hiyo unapata kalsiamu ya mifupa pia, na ni samaki mdogo anayeishi muda mfupi, hivyo hakusanyi uchafu wa ziwa kama samaki mkubwa mzee. Mpike hivi: ondoa vichwa ukipenda, mloweke kwenye maji ya moto kwa dakika 5, msugue na umwoshe kwa maji safi mara tatu au nne hadi mchanga usionekane chini ya beseni. Mweke kwenye sufuria kavu bila mafuta, moto wa wastani, ukigeuza hadi harufu kali ipungue. Kisha ongeza kijiko kimoja cha mafuta kwa watu wanne, kitunguu, nyanya tatu na maji nusu kikombe, na ufunike dakika 10. Kosa la kawaida ni kumimina mafuta kwanza ili kuua harufu. Harufu huondolewa na kuosha na kukausha. Mafuta huifunika tu.

Ngege (tilapia) mchemshe na nyanya, kitunguu na dhania kwa dakika 15 hadi 20, au mchome. Mbuta (sangara) ana mafuta yake mwenyewe, mpike bila kuongeza. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kutolewa, una ladha na kalsiamu kidogo ukitafunwa, lakini ule wa sokoni huja umekaangwa kwenye mafuta mengi. Uchemshe dakika 10 na umwage maji ya kwanza yenye mafuta kabla ya kuuunga.

Mama mkwe anasema msichana anayetaka mtoto anywe maziwa na samli ili mwili uwe tayari. Nimwambie nini?

Mwambie ahsante, na upunguze kijiko. Ana sehemu ya ukweli: mwanamke aliyekonda sana hupata shida ya kushika mimba, na mboga za kienyeji zinahitaji mafuta kidogo ili mwili unyonye vitamini A, E na K zilizomo. Osuga (mnavu), saga (mgagani) au mrenda uliotiwa maziwa ni chakula kizuri. Kijiko kimoja cha chai cha samli kwenye sufuria ya mboga ya watu wanne hakina neno. Kikombe cha samli asubuhi kina.

Mimi ni mwembamba. Haya yananihusu?

Aina ya mafuta inakuhusu, kupunguza hakukuhusu. Kama kipimo chako cha uzito kwa urefu kiko chini ya 18.5, ongeza njugu karanga, simsim, parachichi, mayai na omena hadi kiongezeke. Mwili wenye njaa nao hujenga kondo dogo, na katika baadhi ya nyumba za huku hilo ndilo tatizo halisi, wala si mafuta kuzidi.

Nina uzito mkubwa. Nipunguze kiasi gani, na je, lishe ya mafuta mengi bila wanga inafaa?

Gawa uzito wako kwa kilo kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.60 anapata 32. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene. Usilenge mwili wa umri wa miaka 18. Kupunguza asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mtu huyu, kunatosha kushusha presha na sukari kwa kiasi cha maana. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri.

Lishe ya nyama na mafuta bila ugali wala matunda hushusha uzito haraka, lakini hatuishauri kwa anayetafuta mimba. Inakujaza mafuta yaliyoshiba na kukunyima foliki (vitamini B9) kwenye wiki zile hasa mtoto anapoihitaji. Na mimba ikishaingia, acha juhudi zozote za kukonda.

Nianze lini?

Miezi mitatu kabla ya kuacha njia ya kupanga uzazi ni kipindi kizuri. Mafuta kwenye damu huanza kushuka ndani ya wiki chache, na yai huchukua takriban miezi mitatu kumaliza ukuaji wake wa mwisho. Kama kuna uzito wa kupunguza, jipe miezi sita. Anza pia tembe ya foliki ya mikrogramu 400 kila siku, na upime presha, sukari, damu na virusi vya Ukimwi wakati huohuo. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi asiziache kwa sababu ya uzito au kolesteroli. Amwambie mhudumu wake, zipo za kubadilishwa.

Nimeshika mimba tayari bila kupanga. Nimechelewa?

Hapana. Ateri huendelea kupanuka hadi karibu wiki ya 20, na badiliko la mafuta halihitaji ruhusa ya daktari. Fanya yaleyale, bila kupunguza jumla ya chakula. Nenda kliniki kabla ya wiki ya 12.

Je, nipime kolesteroli nikiwa mjamzito?

Si lazima, na matokeo yatakutisha bure. Wakati wa mimba trigliseridi hupanda mara mbili au tatu na kolesteroli kwa karibu nusu, na hiyo ni kawaida. Pima kabla ya mimba, au subiri miezi michache baada ya kujifungua.

Kuna kipimo cha kuona mtiririko wa damu wenyewe?

Kipo: skani ya ultrasaundi ya Doppler. Kwenye wiki ya 11 hadi 14, au 20 hadi 24, mpimaji hutazama ateri mbili za mji wa mimba na kukokotoa namba (PI) inayoonyesha jinsi damu inavyopata ukinzani. Kwa skani ya juu ya tumbo kwenye wiki ya 23, wastani wa namba hiyo kwa pande zote mbili ukizidi takriban 1.44, ukinzani uko juu, na mimba hufuatiliwa kwa karibu. Baadaye hupimwa mshipa wa kitovu ikiwa mtoto anaonekana mdogo.

Shirika la Afya Duniani halishauri Doppler kwa kila mjamzito, nasi tunakubali. Usikope pesa kwa ajili yake kama huna sababu. Iulizie kama uliwahi kupata presha ya mimba, una presha ya kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo, selimundu, mapacha, au uliwahi kuzaa mtoto mdogo sana. Hospitali za rufaa kama Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ya kaunti Kakamega na ya Nakuru ndiko pa kuanzia kuulizia. Skani ya kawaida kabla ya wiki ya 24, hiyo ni ya kila mtu.

Huku kwetu, mafuta ndiyo sababu kubwa ya damu kutomfikia mtoto?

Kwa wengi, hapana, na tungependa jibu hili lisomwe hata kama mengine yatarukwa.

Eneo la ziwa ni la malaria mwaka mzima. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo na kuziba nafasi za damu, mara nyingi mama akiwa hana homa hata kidogo. Lala ndani ya neti iliyotiwa dawa kila usiku, hata kabla ya mimba. Kuanzia wiki ya 13, meza SP (tembe za kuzuia malaria) mbele ya muuguzi kila ziara, kwa kuachanisha angalau mwezi mmoja, isipokuwa kama unatumia septrini (dawa ambayo wengi wenye virusi vya Ukimwi huandikiwa) kila siku. Kuna mtego mmoja hapa: foliki ya miligramu 5 huidhoofisha SP. Tembe ya kliniki yenye chuma na mikrogramu 400 za foliki haina shida. Ile ya miligramu 5 ni ya wachache walioandikiwa kwa sababu maalum, na nyingine huuzwa dukani bila mtu kuuliza lolote.

Upungufu wa damu ni wa pili. Hemoglobini ikiwa chini ya 11 wakati wa mimba, hata damu ikitiririka vizuri haibebi oksijeni ya kutosha. Usinywe chai pamoja na mlo wala na tembe ya chuma, subiri saa moja au mbili.

Presha ni ya tatu. Wahudumu wa afya ya jamii wengi wana mashine ya kupimia, mwite wa kijijini kwenu. Aliye na hatari kubwa huandikiwa aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 12 na ikiwezekana kabla ya 16. Anayekula kalsiamu kidogo huongezewa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, mbali na tembe ya chuma. Usijianzishie aspirini mwenyewe. Lakini si vibaya kumuuliza daktari kwa nini hajakuandikia.

Vidonge vya omega-3 au mafuta ya ini la samaki?

Kama unakula samaki mara mbili kwa wiki, huvihitaji. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A nyingi, na vitamini A ya wanyama ikizidi mikrogramu 3,000 kwa siku mwanzoni mwa mimba inaweza kumdhuru mtoto. Maini ya ng'ombe nayo yasiwe chakula cha kila siku.

Mume wangu ahusike?

Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na mafuta mabaya huziathiri. Ila sababu kubwa ni kwamba sufuria ni moja. Hakuna atakayepika mara mbili.

Nilipoteza mimba mwaka uliopita. Ni mafuta niliyokula?

Karibu nusu ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya kwanza hutokana na kasoro ya kromosomu iliyotokea wakati wa kutungwa, na hakuna chakula kinachoisababisha. Jamaa akikuambia ni chips zako, hana msingi. Kama mtoto alifia tumboni baada ya wiki ya 20, au ulikuwa na presha, omba nakala ya rekodi na uende nazo kwa daktari wa kina mama kabla ya kujaribu tena.

Niende hospitali lini bila kungoja tarehe ya kliniki?

Kichwa kuuma kusikoisha kwa dawa ya kawaida, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, damu ukeni, au mtoto kupunguza kucheza. Presha ya 140/90 baada ya wiki ya 20 inahitaji kupimwa protini ya mkojo siku hiyohiyo. Ikifika 160/110 ni dharura hata kama hujisikii mgonjwa. Usingoje pikipiki ya asubuhi. Njiani lala ubavu, si chali, kwa sababu mimba kubwa hukandamiza mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Beba kijitabu cha Mama na Mtoto, na ukifika mlangoni taja presha kabla ya jambo lingine lolote.